Saa 48 za Mheshimiwa DC: maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu madaraka ya kumweka mtu ndani

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Mchana kazi yangu ni mirathi, mipaka ya mashamba na baba wanaokimbia matunzo ya watoto. Simu za usiku ni nyingine. Nyingi zinaanza hivi: "Ndugu yetu kawekwa ndani na DC, tufanyeje?" DC ndiye mkuu wa wilaya. Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, basi nimeyaandika hapa yale yanayorudi kila mara. Yanahusu Tanzania Bara. Kwa swali la Zanzibar, jibu ni fupi: Zanzibar ina sheria yake ya tawala za mikoa, kwa hiyo usibebe vifungu vya hapa ukavuka navyo bahari.

Ni kweli mkuu wa wilaya anaweza kuamuru nikamatwe?

Ni kweli. Sheria ya Tawala za Mikoa, Sheria Na. 19 ya mwaka 1997, inampa uwezo huo mkuu wa mkoa katika kifungu cha 7 na mkuu wa wilaya katika kifungu cha 15. Wengi wanaolijua jambo hili wanalijua nusu tu: wamesikia "saa 48" na wanadhani sheria inasema "DC anaweza kumweka mtu yeyote ndani kwa siku mbili". Haisemi hivyo.

Milango ni miwili. Wa kwanza, mtu ametenda kosa mbele ya mkuu huyo, au mkuu anajua kwamba mtu huyo ametenda kosa, tena liwe kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa na kushtakiwa kwalo. Wa pili, mkuu ana sababu ya kuamini kwamba mtu huyo yuko mbioni kuvunja amani au kuvuruga utulivu, na hakuna njia nyingine ya kumzuia ila kumshika. Maneno hayo ya mwisho yasomwe mara mbili. Hakuna njia nyingine. Kama kumwambia aondoke kungetosha, au kuahirisha mkutano, au kuita askari wasimame katikati, basi mlango umefungwa.

Halafu yanakuja masharti. Mkuu aandike sababu za kukamata. Nakala ya sababu hizo imfikie hakimu. Mtu apelekwe mahakamani ndani ya saa 48, na zikipita bila kupelekwa aachiwe, wala asikamatwe tena kwa amri ya mkuu yuleyule kwa sababu ileile. Akiyatumia vibaya madaraka hayo, anaweza kushtakiwa kwa kosa la matumizi mabaya ya madaraka chini ya Kanuni ya Adhabu.

Kwa hiyo saa 48 ni ukomo. Ndani ya muda huo mtu awe amefika kwa hakimu. Si kifungo cha siku mbili ambacho mkuu amepewa akigawe. Karatasi ya sababu, ambayo ndiyo moyo wa kifungu chote, mimi sijapata kuiona hata mara moja.

Nimechelewa kikaoni, au nimemjibu vibaya. Hilo ni kosa la kukamatwa?

Kuchelewa kikaoni si jinai. Kumkera kiongozi si jinai. Kuuliza fedha za mradi wa maji zimekwenda wapi si jinai. Hilo ni swali. Lugha ya matusi inaweza kuwa kosa, lakini hapo polisi wapo, mashahidi wapo na mahakama ipo, na hakuna haja ya aliyetukanwa kuwa ndiye mkamataji.

Mifano ya kweli si ya kutafuta kwa tochi. Desemba 2016, huko Arumeru, mwandishi wa runinga aliyeripoti kero ya maji alikamatwa kwa amri ya mkuu wa wilaya. Julai 2017, mkuu wa wilaya ya Kinondoni aliamuru mbunge wa Kawe akamatwe na awekwe ndani saa 48 kwa madai ya kumkashifu Rais. Umkubali mbunge yule au usimkubali, jiulize swali la sheria: ni amani ipi iliyokuwa inakaribia kuvunjika, ambayo haikuweza kulindwa kwa njia nyingine yoyote?

Hayo yalifika magazetini kwa sababu mmoja ni mwandishi na mwingine ni mbunge. Muuza mitumba, mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu mkuu wa shule ya kata hawafiki huko.

Siku mbili tu, jamani. Kuna ubaya gani mkubwa hivyo?

Swali hili huulizwa na watu ambao hawajalala sero.

Mtu akikaa mahabusu miaka mitatu bila kesi kusikilizwa, kelele zitapigwa: wakili atapata jalada, gazeti litaandika, jaji atauliza. Mtu akikaa siku mbili hakuna chombo kinachowahi kuamka. Wakati ndugu wanachangishana nauli ya kwenda kumtafuta wakili mjini, ameshatoka. Anatoka bila hati ya mashtaka na bila namba ya kesi, wala hakuna jina la kosa lolote. Hakuna cha kukatia rufaa kwa sababu hakuna kilichoamuliwa. Anarudi nyumbani ananuka sero, mkanda wa suruali kaushika mkononi, na watoto wake wameshasikia shuleni kwamba baba alikuwa lupango.

Hapo ndipo ulipo ujanja wa madaraka madogo. Ya makubwa yanaogopwa na yanatazamwa. Kuna Bunge, kuna Mahakama ya Rufani, kuna balozi za nje zinazoandika ripoti. Ya siku mbili yanapita chini ya wavu kwa sababu ni membamba. Anayeyatumia vibaya hahitaji kuvunja kufuli. Anautumia utaratibu wenyewe kama adhabu, na adhabu inakwisha kabla mlinzi wa haki hajavaa viatu.

Ongeza siku. Ukikamatwa Ijumaa alasiri, saa 48 zinaishia Jumapili, na mahakama imefungwa Jumamosi na Jumapili. Jirani zetu wa Kenya walishaupa mchezo huu jina, Kamata Kamata Friday. Sisi hatujaupa jina, lakini tunaucheza.

Madaraka haya yalitoka wapi?

Anza bomani. Katika wilaya nyingi wazee bado huita ofisi ya mkuu wa wilaya "bomani", na si bure. Boma la Mjerumani lilikuwa ngome, ofisi ya kodi, baraza la kesi na jela, vyote ndani ya ukuta mmoja. Aliyetoza kodi ndiye aliyehukumu, na aliyehukumu ndiye aliyesimamia kiboko. "Hamsa ishirini", viboko ishirini na vitano, imebaki katika masimulizi ya mababu kuliko sheria yoyote iliyoandikwa wakati ule.

Mwingereza alipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza alipunguza kiboko, akaongeza mafaili. Ofisa wake wa wilaya, District Commissioner, watu walimwita Bwana Shauri, na jina lilimfaa: mashauri yote yalikwenda kwake. Kodi kwake, ugomvi wa mipaka kwake, kumsimamia chifu kwake, na kofia ya hakimu alikuwa nayo palepale mezani. Gavana naye alikuwa na sheria ya mwaka 1921 ya kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine.

Kisha Desemba 1961 tukapata uhuru, na hapa ndipo historia inaponiuma. Katiba ya uhuru haikuwa na sura ya haki za raia. Waingereza waliitaka iwemo (wao ambao kwa miongo minne hawakuona haja nayo), na viongozi wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wakaikataa, wakisema taifa changa lenye kazi ya kujenga nchi lisifungwe mikono na mahakama zilizojaa majaji wa kikoloni. Hoja ile haikuwa ya kijinga. Lakini tazama kilichofuata mwaka 1962: sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka kwa amri ya Rais, na sheria mbili nyingine zilizowaweka wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya mahali pa maofisa wa kikoloni. Mkuu wa wilaya mpya alikuwa pia katibu wa TANU wa wilaya yake. Akapewa na uwezo wa kukamata.

Mwaka 1963 ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, mahakama za machifu na za kizungu zikaunganishwa katika mfumo mmoja, na Mahakama ya Mwanzo ikapata hakimu wake. Ilikuwa hatua kubwa. Bwana Shauri akavuliwa kofia ya hakimu. Funguo za sero hakuna aliyemwomba azirudishe.

Si Tume ya Nyalali ilishayasema haya?

Iliyasema. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali iliundwa 1991 kutafuta maoni kuhusu chama kimoja au vyama vingi, na ilipowasilisha ripoti 1992 iliambatanisha orodha ya sheria arobaini ilizotaka zifutwe au zirekebishwe. "Sheria arobaini za Nyalali", ndivyo zinavyoitwa hadi leo. Ile ya kuweka watu kizuizini ilikuwemo, na zile mbili za 1962 za wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya zilikuwemo pia.

Miaka mitano baadaye ikaja sheria ya 1997 kuchukua nafasi ya zile za zamani. Jina likabadilika. Uwezo wa kukamata kwa saa 48 ukaingia ndani yake, safari hii ukiwa na masharti niliyoyataja hapo juu. Ukimwuliza mwanasheria wa serikali atakwambia ushauri wa Nyalali ulizingatiwa, kwa sababu masharti yameongezwa. Ukiniuliza mimi nitakwambia nyumba ilipakwa chokaa.

Na Katiba? Haki zetu hazipo humo?

Zimo tangu Mabadiliko ya Tano ya mwaka 1984, yaliyoanza kutumika Machi 1985. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu binafsi: hukamatwi wala kufungwa ila kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 13 inataka mshtakiwa ahesabiwe hana hatia hadi ithibitike vinginevyo, na inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha.

Kuna kituko kimoja kisichofundishwa sana mashuleni. Haki ziliandikwa 1984, lakini ziliwekewa kipindi cha mpito, hivyo raia hakuweza kuzidai mahakamani hadi Machi 1988. Serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake mbaya. Mitatu ikaisha na nyingi zikabaki vilevile, ndiyo maana Nyalali alipata kazi ya kuandika orodha.

Mahakama nazo zilipopata meno ziling'ata. Mwaka 1991, katika kesi ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) dhidi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilitengua kifungu kilichozuia dhamana kwa jumla kwa washtakiwa wa aina fulani. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ikabatilisha sharti la kuomba ruhusa ya serikali kabla ya kuishtaki serikali hiyohiyo (fikiria: unamwomba mgoni wako kibali cha kwenda barazani). Kesi hiyo ya pili imetuachia kipimo ninachokipenda kuliko hotuba zote za utawala bora. Sheria inayobana haki ya mtu isiwe ya kumwezesha mkubwa kuamua apendavyo. Iwe na vizuizi vya kutosha dhidi ya matumizi mabaya. Na isibane kupita inavyohitajika kwa lengo lake. Chukua kifungu cha 15, kiweke mezani pembeni ya kipimo hicho, usome mwenyewe.

Mbona wananchi wanapiga makofi?

Kwa sababu wamechoka, na mimi siwacheki.

Niliwahi kukaa katika mkutano wa hadhara, wilaya siitaji. Mama mmoja akasimama akaeleza kwamba zahanati haina dawa miezi mingi na kwamba mjukuu wake alikufa njiani akipelekwa hospitali ya wilaya. Uwanja mzima ukanyamaza. Mheshimiwa akageuka, akamtafuta mganga mfawidhi kwa macho, akanyoosha kidole, akamwambia mkuu wa polisi wa wilaya: "OCD, ondoka na huyu." Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Nami nilipiga makofi. Nakiri.

Mganga yule alilala ndani siku mbili, akatoka, akaomba uhamisho, akaenda. Zahanati ikakaa bila mganga, na dawa hazikuja, kwa kuwa alikuwa ameziagiza mara kadhaa na fedha za kulipia ndizo hazikutoka. Karatasi za maagizo zilikuwa kwenye droo yake. Hakuna aliyemwuliza alete karatasi. Angeulizwa swali moja tu pale uwanjani, kidole kingehama kutoka kwake kikapanda juu, kikaendelea kupanda, na pengine kingesimama mahali ambapo hakuna aliyetaka kisimame.

Hiyo ndiyo kazi nyingine ya saa 48, kazi ambayo sheria haikuitaja: zinamaliza maswali. Mtu akishaingizwa kwenye gari la polisi mbele ya umati, kesi imekwisha kwenye vichwa vya watu. Mtumishi mzembe ana mamlaka yake ya nidhamu chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma: hati ya mashtaka ya kinidhamu, muda wa kujitetea, kamati ya uchunguzi. Ni mwendo wa kinyonga, nakubali, na mara nyingine wazembe wanaponyokea humo. Lakini kamati ile ingefungua droo.

Tangu simu zenye kamera ziingie, jambo limezidi. Tukio la dakika tatu linasambaa mikoa 26 kabla ya machweo. Mkuu anayeweka watu ndani anaonekana mchapakazi; anayeandika barua ya kufuatilia fedha za dawa haonekani kabisa. Mkuu wa wilaya ni mteule wa Rais. Huku chini hakuna kura inayomngoja, kwa hiyo mtazamaji anayemhusu yuko juu. Weka vitu hivyo viwili pamoja na utaacha kushangaa.

Lakini kuna wakati madaraka haya yanafaa, au sivyo?

Yapo mazingira. Wakulima na wafugaji wamesimama wakitazamana kwenye mto, mapanga na mikuki mkononi, kituo cha polisi kiko kilomita nyingi, na mkuu wa wilaya ndiye mwenye gari na askari wawili. Yeye pia ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Akimshika mchochezi mmoja usiku ule, damu haimwagiki. Naamini kifungu kiliandikwa kwa ajili ya usiku kama huo, na sitamlaumu atakayekitumia hivyo, mradi aandike sababu zake na asubuhi ampeleke mtu kwa hakimu. Ninachokikataa ni kukileta kifungu cha mtoni kwenye ukumbi wa mikutano wenye viyoyozi.

Ndugu yangu kawekwa ndani sasa hivi. Nianzie wapi?

Andika saa. Kabla ya kulia na kabla ya kumpigia diwani, andika saa aliyokamatwa, mahali, nani alitamka amri, askari gani walimchukua na nani alishuhudia. Hesabu yote itaanzia kwenye saa hiyo.

Nenda kituoni kwa upole. Uliza mambo mawili: anashikiliwa kwa kosa gani, na kwa amri ya nani. Mtu akiingizwa mahabusu jina lake na sababu vinatakiwa kuandikwa kituoni. Ukijibiwa "ni maagizo kutoka juu", liandike jibu hilo nalo, pamoja na jina au namba ya askari aliyelitoa. Usigombane naye. Mara nyingi askari wa zamu anajua kabisa kwamba hakuna kosa, na ukimheshimu atakwambia kwa macho. Mshikiliwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema hivyo.

Uliza dhamana. Polisi wanapomkamata mtu wao wenyewe bila hati, kwa kosa lisilo la kifo, wanatakiwa wamfikishe mahakamani ndani ya saa 24 au, ikishindikana na kosa si zito, wamwachie kwa dhamana. Wapo wakuu wa vituo ambao wakiulizwa kosa na wakakosa la kuandika hutoa dhamana haraka, kwani sero isiyo na kosa kitabuni inawaelemea wao. Dhamana hailipiwi. Ukiombwa "ya karatasi", omba risiti ya serikali na mara nyingi bei itayeyuka.

Zikitimia saa 48 hajafika kwa hakimu wala hajaachiwa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru aletwe mbele yake na anayemshikilia aeleze kwa sheria ipi. Wanasheria wanaiita habeas corpus. Hapo tafuta wakili. Kama huna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo iliyotutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma yetu ni bure.

Wazee kituoni watakwambia "mwenye nguvu mpishe, mwanangu". Mpishe njiani. Kalamu usiiweke chini.

Nimetoka. Naweza kushtaki?

Unaweza, na sasa sikiliza hesabu. Ulishikiliwa siku 2. Kabla ya kufungua kesi ya madai dhidi ya serikali lazima utoe notisi ya siku 90. Kesi hiyo inafunguliwa Mahakama Kuu, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, hata kama aliyekukosea ni mtendaji wa kijiji. Ukichagua njia ya Katiba badala ya madai, marekebisho ya mwaka huohuo yanataka uape kueleza jinsi wewe binafsi ulivyoathirika. Zamani asasi au raia yeyote mwenye uchungu aliweza kukusemea. Mtu aliyelala ndani kwa kuuliza swali mkutanoni ndiye huyohuyo anayetakiwa ajitokeze tena, peke yake, kwa jina lake, na arudi kuishi katika wilaya ileile.

Kwa wengi niliowashauri, safari iliishia hapo. Mmoja alipiga hesabu mbele yangu ya nauli, wakili na siku za duka kufungwa, akacheka, akasema kumbe ile sero ilikuwa bei nafuu.

Kushtaki jinai kwa matumizi mabaya ya madaraka? Sheria inaruhusu, lakini mashtaka yanaendeshwa na Ofisi ya DPP. Wewe unapeleka malalamiko tu, halafu unangoja.

Na Tume ya Haki za Binadamu? Na ile Mahakama ya Arusha?

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilianza kazi 2001, ikirithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya tangu 1966. Malalamiko ni bure na barua moja inatosha. Inachunguza na kupendekeza. Kulazimisha ni kazi nyingine. Iandikie hata hivyo, kwa sababu jalada linabaki.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda huko moja kwa moja, na hatua hiyo ikaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Jengo liko kwetu, na kwa mtu wa kawaida mlango umefungwa.

Kuna kiongozi aliyewahi kuwajibika kwa mambo ya namna hii?

Yupo, na ni habari ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa wazee walioshukiwa uchawi huko Mwanza na Shinyanga, watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola waliteswa na baadhi wakafa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu. Hakuwa amempiga mtu, wala hakuwa Shinyanga. Alisema tu kwamba wizara ni yake. Jina lake Ali Hassan Mwinyi, na 1985 akawa Rais. Baadhi ya maofisa waliohusika walishtakiwa na kuhukumiwa.

Upande wa saa 48, mawaziri zaidi ya mmoja wa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, wamewahi kuwakemea wakuu wa mikoa na wilaya hadharani kwa kuweka watu ndani ovyo. Kukemea ni kuzuri. Lakini ukemeaji wa mara kwa mara juu ya jambo lilelile unaonyesha kwamba tatizo liko kwenye kifungu, si kwenye tabia ya huyu au yule.

Kenya wao walifanyaje?

Walianza palepale tulipoanza. Sheria ya Machifu ya 1937 ilimpa chifu wa Mwingereza uwezo wa kuamuru watu wafanye hili na waache lile, na ikaishi miongo mitatu na ushei baada ya uhuru hadi ilipopunguzwa makali katika mageuzi ya 1997. Nairobi wana jengo la Nyayo House: juu ofisi za utawala wa mkoa, chini vyumba ambamo miaka ya 1980 watu waliteswa. Waliokuwa wakipanga foleni ya pasipoti hawakujua wamesimama juu ya nini.

Katiba yao ya 2010 ikatamka mambo mawili ambayo ningeyahamisha kesho kama ningeweza. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, labda ziangukie siku isiyo ya kazi. Ibara ya 25 inaiweka amri ya habeas corpus kwenye orodha fupi ya haki zisizopunguzwa kwa hali yoyote, mstari mmoja na haki ya kutoteswa. Haina maana kwamba polisi wao wamekuwa malaika. Yeyote anayefuatilia habari za maandamano ya Nairobi anajua. Ila mwathiriwa ana mahali pa kusimama akidai.

Wewe ungebadilisha nini, kama ungepewa kalamu?

Kifungu cha 7 na cha 15 ningevifuta. Wilaya ya leo ina polisi, ina hakimu, ina simu. Wakinikatalia, ningeomba sentensi moja tu iongezwe: asiwepo askari wa kumpokea mtu sero kwa amri ya mkuu wa wilaya bila karatasi ya sababu iliyotiwa sahihi, nakala moja ibaki kituoni, moja apewe mshikiliwa palepale.

Nimewahi kumweleza wazo hili ofisa mmoja mstaafu, mtu mwema, aliyehudumu katika wilaya kadhaa. Alikaa kimya akizungusha kikombe cha kahawa. Kisha akasema, "Ningetakiwa kuandika na kutia sahihi, nadhani wale wote niliowaweka ningebaki na wawili."